Mwezi wa Kumlowesha Karani

Gunia la katani likilowa maji lina harufu yake. Si mbaya wala si nzuri. Inafanana na ya udongo wa chini ya mtungi, iliyochanganyika na ya kamba iliyosahauliwa nje msimu mzima wa mvua. Mpaka leo nikipita sokoni mahali wauza mboga wanapoyamwagia magunia maji ili sukuma wiki isinyauke, mabega yangu huanza kuuma kabla sijajua ni kwa nini. Halafu nakumbuka. Nilikuwa na miaka kumi na miwili, darasa la sita, tulikuwa tumehamia Kabiro kule Kawangware, na kazi yangu kila siku baada ya shule ilikuwa kumlowesha nyoka.

Nyoka mwenyewe alikuwa chatu, na Baba alimpa jina la Karani, kwa sababu alikaa kimya kwenye sanduku lake siku nzima kama mtu wa ofisini anayengoja kuitwa. Baba alimpata tulipokuwa bado tunaishi Kibera, upande wa Kisumu Ndogo, katika chumba kimoja cha udongo kati ya mama aliyekaanga omena na kanisa lililopiga ngoma kila Jumatano na Jumapili. Wakati huo Baba alikuwa na kibarua cha mjengo. Walikuwa wanachimba mtaro karibu na msitu, wakamfukua chatu mdogo, mwembamba kama mpini wa jembe, na wenzake wakashika mapanga. Baba akawaomba wamwache. Kwao, kandokando ya ziwa, chatu akiingia bomani hauawi. Wazee husema amekuja na mvua. Sidhani kama Baba aliyaamini hayo yote. Nadhani aliona tu kitu kidogo kimezungukwa na watu wengi. Akamtia kwenye mfuko wa saruji akaja naye nyumbani, na Mama akakaa nje mlangoni hadi giza lilipoingia, akisema hataingia mpaka kimoja kati ya viwili hivyo kitoke, mfuko ama mume wake. Mwishowe aliingia. Miaka yote ambayo chatu huyo alikaa nasi, Mama hakuwahi kumwita Karani kwa jina. Alimwita mgeni wako, akimaanisha mgeni wa Baba.

Mjengo ulipokwisha na mwingine ukakosekana, Baba aligeukia mitishamba. Nyanya yake alikuwa amemfundisha mizizi na magome, na alikuwa na ulimi mzuri. Siku za Jumamosi alikwenda Kawangware, kwenye uwanja ulio kando ya soko, akatandika turubai, akapanga chupa na vifurushi vyake, halafu akafungua sanduku. Karani alitoka polepole akajizungusha kwenye mkono wake, na kabla Baba hajafungua mdomo watu walikuwa wamejaa. Baba alisema watu hawaji kwa dawa, wanakuja kwa nyoka, dawa wanaikuta huko. Kwa hivyo Karani ndiye aliyetulisha, hata kama hakuna aliyelisema hilo mezani.

Kule Kibera alijivua vizuri sana. Nyuma ya kitanda chetu ukuta ulikuwa na unyevu mwaka mzima, kwa sababu mtaro wa maji machafu ulipita nje ya ukuta huohuo, na sanduku lake lilikaa pale. Niliyajifunza mambo yale kwa Baba kidogokidogo, kama watoto wengine wanavyojifunza kushona au kupika. Kwanza rangi yake ilififia, maua ya mgongoni yakawa kama kitambaa kilichofuliwa mara nyingi. Kisha macho yakabadilika, yakawa na buluu hafifu, kama maziwa yaliyotiwa maji mengi, na siku hizo hakula wala hakutaka kushikwa kwa sababu hakuona vizuri. Baada ya siku chache macho yakawa safi tena, na mtu asiyejua angedhani yamekwisha. Hapo ndipo Baba alipoweka jiwe lenye makali kidogo ndani ya sanduku. Karani alisugua mdomo wake kwenye jiwe, ngozi ikaachia kwenye midomo ya juu na ya chini, naye akaanza kutambaa akiiacha nyuma, imegeuka ndani nje kama soksi inayovuliwa na mtu aliyechoka. Baba aliinyanyua ile ngozi kwenye mwanga wa mlangoni, akanionyesha mahali pa macho. Nyoka hana kope. Juu ya jicho ana kigamba chembamba, angavu kama kioo, na hicho nacho hutoka na ngozi. "Ukitaka kujua kama amevua vizuri, tafuta miwani yake," aliniambia. "Miwani zikiwa mbili, usiwe na wasiwasi." Kila mara zilikuwa mbili.

Tulihama Kibera kwa sababu ya watu, si kwa sababu ya nyoka. Jirani mmoja alimwona Baba akimlisha Karani panya, habari ikafika kanisani, na wiki moja watu wakaja kuombea mlango wetu, wakiimba kwa sauti ambayo haikuwa ya ugomvi lakini haikuacha nafasi ya kujibu. Walikuwa watu wazuri. Baadhi yao walikuwa wamemsaidia Mama nilipozaliwa. Mwenye nyumba alituomba kwa heshima tutafute kwingine. Tulipakia vitu vyetu kwenye mkokoteni, sanduku la Karani likiwa chini ya godoro, tukatembea hadi Kawangware, Mama mbele bila kugeuka nyuma, mimi nyuma nikishikilia meza isianguke.

Ploti ya Kabiro ilikuwa na vyumba kumi vya mabati, vitano vikitazamana na vitano, na bomba moja katikati. Mbele ilikuwa nyumba ya mawe ya mwenye ploti, mjane Mkikuyu aliyeirithi ardhi ile kwa mumewe na mumewe kwa baba yake. Wapangaji wote walimwita Shosho, yaani nyanya, wakubwa kwa wadogo. Alikuwa mama wa kanisa, mrefu, mwenye sweta ya kijivu hata siku za jua, na alikuwa na desturi ya kusimama uani mikono nyuma akitazama vitu bila kusema. Baba alimwambia lile sanduku ni la mizizi yake ya dawa. Mimi nilikuwepo aliposema hivyo. Nilitazama miguu yangu.

Mvua zilikataa mwaka ule. Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini, na kuanzia Januari bomba la ploti lilikuwa likitoa maji mara mbili kwa wiki, mara nyingine mara moja, nayo yalikuja yakikohoa na kutapika kutu. Chumba chetu kilichemka kuanzia saa nne asubuhi. Mabati yalilia yakitanuka, na mkate ulioachwa mezani uligeuka kuwa kigae kabla ya jioni. Karani alianza kufifia mwezi huo. Macho yakageuka buluu, yakasafika, Baba akaweka jiwe. Siku iliyofuata tulikuta vipande vya ngozi vimetawanyika ndani ya sanduku kama karatasi iliyochanwa na mtoto. Mgongoni ilitoka kwa mabaka. Kichwani na shingoni haikutoka kabisa, ilikauka ikamkaza, na macho yakabaki ya kijivu chini ya miwani ya zamani. Kwenye ncha ya mkia palikuwa na pete ya ngozi iliyobana kama uzi kwenye kidole. Baba aliipapasa ile pete muda mrefu. Akasema ikikaa hivyo mkia utakufa, na macho yakikaa hivyo hataona chakula, na nyoka asiyekula huenda polepole mpaka asubuhi moja unamkuta amenyooka.

Alikuwa ameanza tu kumlowesha habari zilipokuja kwamba ndugu yake wa pekee amefariki ushago, kijijini kwao. Ilibidi aende, na kwenda mazishini kwetu si kwenda na kurudi. Asubuhi ya safari alinikalisha kitandani. Alisema Mama ana kazi yake, na hata asingekuwa nayo hangemgusa, kwa hivyo ni mimi. Maji ya uvuguvugu kwenye karai, yasipite mgongo wake, akae humo kama nusu saa. Kisha gunia lililoloweshwa, aingie atambae ndani, katani imkwaruze. Kila siku. Kisha akanishika mikono yote miwili akaitazama kana kwamba ndiyo anayoongea nayo.

"Usimvue, Awuor. Ngozi itoke yenyewe. Wewe mloweshe tu."

Nilimwahidi. Nilikuwa ninajivuna, nakiri. Katika darasa lote la sita hakuna mwingine aliyeachiwa chatu.

Kujivuna huko kulidumu siku tatu. Tuliachiliwa shuleni saa kumi, nikafika nyumbani, nikabadilisha sare, nikachukua mitungi miwili kwenda kutafuta maji. Bomba letu likiwa kavu niliteremka hadi kwenye bomba la chini ambako foleni ilizunguka kioski na kurudi, na wanawake waliokuwa mbele yangu walikuwa na mitungi kumi kila mmoja. Nilibeba mmoja mgongoni kwa kamba ya kichwani na mwingine mkononi, nikapumzika mara nne njiani. Nakumbuka zile sehemu nne hata leo, ukuta, mti wa mkaratusi, mlango wa fundi wa viatu, jiwe la langoni. Maji hayo ndiyo ya kupikia, kuoga na kufulia, na humo ndimo nilimopunguza ya Karani. Nilifunga mlango na pazia, nikachemsha kidogo, nikachanganya, nikamwinua kutoka kwenye sanduku. Alikuwa mrefu kunipita na mzito kama mtoto wa miaka miwili, na kwa kuwa haoni alijikaza mkononi mwangu hadi vidole vikafa ganzi. Siku moja alinirukia. Aliuma gunia badala ya mkono, akabaki amelishika, akipumua kwa sauti, na sote wawili tukangoja aliachie.

Mama alikuwa anafua nguo kwenye nyumba za matajiri upande wa Lavington. Alitoka kabla sijaamka na kurudi jioni, vidole vyake vyeupe na vyenye mikunjo, akakaa kwenye kigoda chake mlangoni bila kuvua viatu. Hakuwa mkali. Angekuwa mkali ningepata nguvu ya kubishana. Jioni moja alirudi akanikuta bado niko na karai, ugali haujasongwa, akatazama maji.

"Mimi nashinda ndani ya maji ya watu," alisema. "Nikirudi, maji yangu amelala nyoka."

Kisha akainuka, akawasha jiko la mkaa mwenyewe. Asubuhi nilikuta ameniachia chupa ya chai iliyojaa maji ya moto, imefunikwa kwa kitambaa, ili nikitoka shule nisianze kuchemsha.

Siku zilikwenda, na ngozi haikutoka. Ililainika kwenye maji, nikaona kingo zake zikinyanyuka nyuma ya taya, nikafurahi. Ikikauka ilijibandika tena. Pete ya mkia tu ndiyo iliyolegea, ikatoka siku ya tano, na nikaihifadhi kwenye kitabu cha hesabu nimwonyeshe Baba. Kichwa kilibaki vilevile. Shuleni nilianza kusinzia. Mwalimu alinisimamisha nyuma ya darasa ili nisilale, nikalala nimesimama, wenzangu wakacheka.

Ilikuwa siku ya tisa, Alhamisi. Kwenye foleni maji yalikatika zikiwa zimebaki zamu mbili kunifikia, nikaenda bomba jingine mbali zaidi, nikarudi na mtungi mmoja, na langoni kabisa kifuniko kikachomoka. Nilisimama nikatazama maji yakiingia kwenye vumbi. Sikulia. Niliingia ndani na nusu iliyobaki, nikamtia Karani kwenye karai, nikakaa sakafuni mgongo wangu kwenye kitanda. Alipolowa vya kutosha niliona kwenye jicho lake la kushoto ukingo wa ile miwani umenyanyuka, mdogo sana, kama kona ya stempu isiyobandikwa vizuri. Nilijua nilichoambiwa. Sikusahau hata kidogo, na hilo ndilo ninalotaka lieleweke. Nilifikiria tu kwamba ikitoka hiyo moja nyingine itafuata, na kesho sitakwenda bombani. Nilimshika nyuma ya kichwa kwa mkono wa kushoto, nikaingiza ukucha wa kidole cha shahada chini ya kona ile, nikavuta.

Ilitoka. Ilitoka na kitu kingine pamoja nayo. Karani alijipinda mwili mzima, karai likapinduka, na aliponitulia kwenye mapaja jicho lake lilikuwa na tone jekundu dogo lililosambaa polepole. Nilipangusa maji sakafuni kwa sweta ya shule. Nilimrudisha kwenye sanduku, nikamfunika kwa gunia, nikasonga ugali, na Mama aliporudi nikamwambia siku ilikuwa njema.

Kesho yake nilimlowesha kama kawaida kwa sababu sikujua la kufanya lingine, na siku hiyo ndiyo Shosho alipobisha. Wapangaji walikuwa wamenung'unika kwamba nyumba yetu, yenye watu wawili, inamaliza maji kuliko nyumba zenye watoto sita. Alipiga hodi mara moja, na kwa kuwa nilichelewa kujibu alisukuma mlango. Aliniona mimi, akaliona karai, akaona kilichomo. Hakupiga kelele. Alishika fremu ya mlango, akabaki hapo, na nikasikia pumzi yake.

"Huyo ni mzima?" aliuliza.

Nikamjibu ni mzima lakini ni mgonjwa, ngozi imekataa kutoka. Akaingia, akafunga mlango nyuma yake ili wengine wasione, akakaa kwenye kigoda cha Mama mbali kadiri chumba kilivyoruhusu. Alitaka kujua Baba yuko wapi, atarudi lini, nani anachota maji, kutoka bomba lipi. Nilimjibu yote. Sauti yangu ilikuwa ya kawaida kabisa, lakini machozi yalikuwa yanashuka yenyewe kama bomba lililoharibika koki. Aliniuliza nyoka anahitaji nini ili apone. Nikasema mahali pa baridi penye unyevu, na kitu cha kujisugulia.

"Na wewe unahitaji nini?"

"Nataka kulala, Shosho."

Aliinuka kutoka kwenye kigoda. Kisha akasema nimlete nyuma ya nyumba yake, kwenye ndizi. "Lakini akishatoa hiyo nguo yake, sitaki kumwona kwa ploti yangu. Mimi ni mtu wa kanisa. Na baba yako atanieleza ni kwa nini alinidanganya. Umesikia?"

Nyuma ya nyumba ya mawe kulikuwa na migomba sita iliyokunywa maji ya jikoni kwake, na chini yake ardhi ilikuwa nyeusi na laini hata mwaka ule. Kulikuwa pia na kibanda cha kuku kisicho na kuku, chenye waya mzima na komeo. Tulitandika majani ya mgomba yaliyooza, tukaweka magunia mawili ya kahawa ya zamani aliyoyalowesha yeye mwenyewe kutoka kwenye tangi lake, na jiwe la kusugulia miguu. Karani nilimbeba mimi. Shosho alitembea mbele yangu akiyafukuza macho ya watu kwa kuwauliza maswali ya kodi. Baadaye alitangaza uani kwamba ametega sumu ya panya nyuma, na mtoto yeyote asisogee. Jumamosi hiyo nililala mchana kutwa. Mama aliponiamsha nile, nilikuwa sijui niko Kibera au Kawangware.

Karani alijivua siku ya tatu. Nilimkuta amejificha chini ya gunia, mweusi na wa dhahabu, maua yake yaking'aa kama kiatu kilichopigwa rangi, na ile ngozi ya kichwa na shingo imekwama kwenye ukingo wa jiwe kama kofia iliyoangushwa. Niliiokota nikaigeuza kwenye mwanga. Upande wa kulia miwani ilikuwepo, safi, nzima. Upande wa kushoto palikuwa na tundu lenye ukingo uliochanika, umbo la ukucha. Karani alinigeuzia kichwa. Jicho moja lilikuwa jeusi kama mbegu ya papai. Lingine lilikuwa jeupe, limevimba kidogo, halikunifuata.

Baba alirudi wiki iliyofuata, kichwa kimenyolewa, koti lake la mazishi begani. Alikuwa amezeeka kwa namna ambayo sikujua mtu anaweza kuzeeka ndani ya majuma matatu. Alikwenda kwanza kwa Shosho, wakazungumza uani, Baba amesimama na Shosho ameketi, na sikusikia walichosema ila niliona Baba akiinamisha kichwa mara nyingi. Kisha tukaenda nyuma. Alimchukua Karani, akampitisha mkononi polepole, mkia, tumbo, shingo. Alipofika kwenye jicho alisimama. Niliuambia ukuta kwamba jicho liliharibika hivyo lenyewe. Baba aliomba ngozi. Nilimpa, na aliigeuza kwenye mwanga kama alivyonifundisha, akaangalia lile tundu kwa muda ambao kwangu haukuwa na mwisho. Kisha akaikunja akaitia mfukoni.

"Sawa," alisema. Hilo tu.

Siku ya pili yake aliniambia tufuatane. Tulikwenda naye mahali ambapo nyoka hutunzwa ili watu waje kuwaangalia, Baba amebeba sanduku kichwani, mimi nyuma. Tulipokewa na mtu mmoja aliyevaa gambuti, mnene, mwenye mikono ya upole sana. Alimtoa Karani akasema ni jike, jambo ambalo hatukuwahi kulijua. Alimtazama mdomoni, akampima kwa macho, na alipofika kwenye jicho la kushoto uso wake ukabadilika. Aliuliza ni nani aliyefanya vile.

"Ni mimi," Baba alisema. "Alikuwa amekwama, nikamvua kwa nguvu. Nilikuwa na haraka."

Yule mtu alimgombeza. Alimgombeza vile mtu anavyomgombeza mtoto, mbele yangu na mbele ya kijana aliyekuwa akifagia, akamwambia kuweka mnyama wa porini bila kibali ni kosa, angeweza kumwita askari saa hiyohiyo, na kwamba hata mjinga anajua ngozi hailazimishwi. Baba alisimama mikono ikining'inia, kichwa chake kilichonyolewa kikimeta juani, akasema ndiyo, ndiyo bwana, ni kweli. Hakunitazama hata mara moja. Nilijua kwamba nikitaka kusema, muda ni huu. Nilihisi maneno yote mdomoni. Yule mtu akamwinua Karani, mlango wa waya ukafungwa, na nikawa bado nimenyamaza.

Tukiwa njiani kurudi aliniuliza kama nina njaa. Nikasema sina. Alibeba lile sanduku tupu hadi nyumbani, na Mama akalitia viazi.

Bila nyoka watu hawakusimama tena kwenye turubai la Baba. Alijaribu miezi michache, akaacha, akapata kazi ya kulinda godauni, na akaifanya miaka kumi na tisa akiwa amesimama. Shosho hakutufukuza. Tuliishi kwake mpaka nilipomaliza kidato cha nne, na kila mvua kubwa ziliponyesha alinituma nyuma kumkatia ndizi.

Sasa nina watoto wangu wawili na nyumba ya kupanga ghorofani upande mwingine wa jiji, na maji yanatoka jikoni nikizungusha koki, siku nyingi. Binti yangu ana miaka kumi na miwili. Jambo zito alilowahi kuachiwa ni ufunguo. Simlaumu, nilitaka hivyo, nilifanya kazi ili iwe hivyo. Lakini nikimtazama akilala alasiri na kitabu kifuani huwa najaribu kuona mwili kama ule ukipanda kilima na mitungi miwili, na siwezi. Uchovu wangu wa leo ni wa kukaa, wa foleni za magari na simu. Ule wa zamani ulikuwa na uzito unaopimika, na ulikuwa na mwisho kila jioni. Huu sijui unaishia wapi. Mama hayupo tena wa kumwuliza. Kawangware nimepita mwaka jana, na ile ploti ni jengo la ghorofa sita.

Baba yuko ushago, na kumbukumbu zake zimeanza kuchanganyika. Nilipomtembelea Desemba tulikaa kivulini mwa nyumba yake, akaniuliza habari za watoto mara tatu, kisha bila mimi kumkumbusha akaanza kuzungumza habari za Karani, jinsi alivyokuwa mtulivu na jinsi watu walivyojaa uwanjani. Akatikisa kichwa.

"Nilimharibia jicho," alisema. "Nililivuta kwa mkono wangu mwenyewe. Sijui nilikuwa nakimbilia nini."

Nilimwambia si yeye, Baba, ni mimi, ulikuwa mazishini, nilivuta kwa ukucha. Nilimwambia polepole, kwa Kijaluo, nimemshika mkono. Alinisikiliza mpaka mwisho kwa uso ule wa kunihurumia aliokuwa nao nilipokuwa mdogo na nimeota ndoto mbaya.

"Hapana," alisema. "Wewe ulikuwa mtoto. Wewe ulikuwa unachota maji tu."